Risala ya Klabu ya Falaki kwa Mgeni Rasmi, Mtafiti wa Makundi ya Galaksi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa;
Mkuu wa Shule, walimu, walezi wa klabu, wazazi na wanafunzi wenzetu;

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua wanaokuhitaji ni wengi, na zamu ya darubini ikishapangwa haimsubiri mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipokuwa tukijiandaa kukupokea tulisoma juu ya fani yako, na kuna jambo lililotushika kuliko mengine. Galaksi nyingi haziko katika ile misongamano mikubwa yenye mamia au maelfu ya galaksi. Ziko katika makundi madogo, pengine ya galaksi chache tu. Hata Njia Nyeupe yetu imo katika kundi la namna hiyo pamoja na Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru takriban milioni 2.5, na galaksi ndogondogo nyingi zinazozizunguka. Misongamano mikubwa hung'aa sana kwa eksirei, miale ya aina ile ile inayotumika kupiga picha hospitalini, na ndiyo iliyowavuta watafiti mapema. Makundi madogo yana mwanga hafifu, yanadai subira. Wewe ulichagua haya, na sisi tunaona ulichagua penye maswali mazito zaidi.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, kwa kuwa angahewa huzizuia. Kwa hiyo fani hii ilisubiri roketi. Mwezi Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha vifaa vyao kutoka White Sands, New Mexico. Vilikaa juu ya angahewa dakika chache tu, lakini zilitosha kugundua Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wa Jua. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo iliondokea jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru siku hiyo, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za misongamano ya galaksi hazitoki katika nukta moja, bali zimetapakaa katika eneo kubwa baina ya galaksi. Tunalitaja hili kwa fahari, maana watu huiona elimu hii kuwa ya mbali, na kumbe moja ya hatua zake kubwa ilianzia pwani ya Afrika Mashariki.

Kinachotoa eksirei hizo ni gesi yenye joto kali. Mwaka 1976 setilaiti ya Ariel V ilitambua alama ya chuma katika gesi ya msongamano wa Perseus, na chuma hutengenezwa na nyota. Maana yake, sehemu ya gesi hiyo iliwahi kupita ndani ya nyota, kisha milipuko ikaitupa nje. Kwa makundi madogo ilibidi kungoja hadi setilaiti ya eksirei ya ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba kundi la NGC 2300 na lile la HCG 62 yamejaa gesi yenye joto la nyuzi milioni kadhaa. Ukijua joto la gesi, unaweza kukadiria nguvu ya mvutano inayoizuia isitawanyike. Hesabu ilipofanywa, uzito wa galaksi na gesi kwa pamoja haukutosha kabisa kuleta mvutano huo. Sehemu kubwa ya uzito ni maada ya giza, yaani maada isiyoonekana, inayotambulika kwa mvutano wake tu.

Tangu mwaka 1999 tunazo Chandra na XMM-Newton, darubini za eksirei zilizo angani. Eksirei ikikipiga kioo moja kwa moja hupenya au humezwa, kwa hiyo vioo vya darubini hizi huwekwa karibu sambamba na mwendo wa eksirei, nayo inateleza juu ya vioo kama kijiwe bapa kinavyorukaruka juu ya maji. Kwa vioo hivyo Chandra imeonyesha jozi tatu za mapango katika gesi ya kundi la NGC 5813, yaliyochimbwa na milipuko ya nyakati tofauti kutoka kwa shimo jeusi la katikati. Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini unayapenda makundi madogo. Katika msongamano mkubwa, mvutano ni wa nguvu na gesi nyingi hubaki ndani. Katika kundi dogo shimo jeusi linaweza kuisukuma gesi mbali, na vipimo vinaonyesha kwamba makundi hayo kwa kawaida yana sehemu ndogo zaidi ya gesi ukilinganisha na uzito wake. Imekwenda umbali gani? Itarudi? Tunatamani kukusikia ukilizungumzia hilo leo, hata kama jibu halijakamilika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu haina darubini kubwa, na kwa eksirei hata darubini kubwa ya ardhini isingetusaidia. Lakini data za Chandra na XMM-Newton, baada ya muda wa haki za mtafiti kuisha, huwekwa wazi kwa kila mtu. Kinachotukwamisha ni ujuzi: programu za kuzichambua ni ngumu, na kompyuta zetu ni chache na za zamani.

Kwa heshima tunaomba utuchagulie kundi moja la galaksi ambalo data zake ziko wazi, na utuelekeze, wewe au wanafunzi wako, namna ya kutengeneza picha yake na kukadiria joto la gesi yake. Tunaomba pia uwe mlezi wa heshima wa klabu hii. Walimu wetu wamekubali kutusimamia kila wiki baada ya vipindi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Falaki