Dhibitini spika, msanii mwacheni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayetaka kila mtu anayeimba, kupiga ngoma au kuruka sarakasi barabarani jijini Nairobi atozwe ada ya kila siku kama mchuuzi, na asiyelipa aondolewe. Anasema kelele zimezidi, na kwamba miji ya Ulaya ilishamaliza tatizo hili zamani kwa kutoa vibali. Kuhusu kelele sina ubishi naye. Kuhusu Ulaya naomba anisikilize kidogo, maana ninaishi katikati ya hayo anayoyasifu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi ya usafi katika ofisi moja karibu na uwanja wa Leicester Square, London. Eneo hilo liko chini ya halmashauri ya Westminster, ambayo mwaka 2021 ilianza kutoa leseni kwa wasanii wa mitaani. Ulilipa pauni 20 kwa miezi 6, ukapewa kitambulisho, na ukaonyeshwa mahali pa kusimama: hapa panaruhusiwa spika, pale hapana. Ukiisoma karatasi yenyewe utasema wenzetu wameendelea kweli.

Sasa turudi nyuma kidogo, usimame nami dirishani saa nane mchana. Chini yupo kijana na gitaa lake, kipaza sauti, na spika yenye kimo cha mtungi wa maji wa lita 20. Sauti anayo. Nyimbo ndizo chache, na hana haja ya kuongeza, kwa sababu watalii wanaomsikiliza hubadilika kila robo saa. Wimbo mmoja wa mapenzi nimewahi kuusikia mara nne kabla sijamaliza kuosha vyoo vya ghorofa mbili. Mpita njia huusikia mara moja, akatabasamu, akatupa sarafu, akaenda zake. Dada wa mapokezi pale kwetu ameusikia mwaka mzima. Siku moja nilifungua stoo ya mafagio nikamkuta ameketi juu ya ndoo niliyoipindua asubuhi, simu sikioni, anazungumza na mteja. Akaweka kidole mdomoni pake kuniashiria ninyamaze.

Kumbe hakuwa peke yake. Kampuni ya redio ya Global, ambayo ofisi zake ziko papo hapo uwanjani, iliipeleka halmashauri mahakamani, na Machi 2025 jaji akaamua kwamba kelele zile ni kero kwa mujibu wa sheria. Alisema chanzo kikubwa ni ukali wa sauti, lakini kero inazidishwa na kurudiwa kwa nyimbo zilezile na udhaifu wa baadhi ya waimbaji. Akaenda mbali hadi kuifananisha hali hiyo na mbinu za kumtesa mtu kisaikolojia. Tarehe 17 Aprili halmashauri ikasimamisha maonyesho yote pale uwanjani. Yote, Mhariri. Mwenye spika na asiye na spika waliondoka siku moja.

Leseni zilikuwepo, ada ililipwa na mahali palipangwa. Kwa miaka yote ile nikichungulia dirishani, sikuwahi kuona mtu akimwendea yule kijana kumwambia apunguze sauti. Leseni ilijua jina lake na picha yake, ila spika yake haikuijua.

Ukitoka hapo ukatembea dakika chache unafika uwanja wa Covent Garden, nao uko chini ya Westminster. Burudani za mitaani pale ni za kale: Mei 1662 Samuel Pepys, Mwingereza wa enzi hizo, aliandika katika shajara yake kwamba alitazama maonyesho ya vikaragosi hapo. Leo utakuta watu wanaorusha visu na moto, wanaopanda ngazi isiyoegemezwa popote, na wachekeshaji wanaomvuta mume wa mtu katikati ya duara na kumvisha sketi. Ilipokuja leseni ya 2021, wasanii wengi wa pale waliikataa. Walilalamika kwamba masharti yake yangewanyang'anya visu na moto, na mchezo wenyewe ndio huo. Lakini usidhani wanafanya wapendavyo. Kwa miaka mingi wamejipangia wenyewe: wanagawana zamu, wana bima, na aliyemaliza anampisha mwenzake. Ni kama steji ya bodaboda kwetu. Kila mtu anaijua foleni, na anayeiruka hushughulikiwa na wenzake kabla askari hajapata habari. Mimi hupenda kupita pale nikitoka kazini, na nakiri kwamba mara nyingine nimelikosa basi langu kwa sababu ya mtu aliye juu ya ngazi.

New York nako walijaribu fimbo. Meya Fiorello LaGuardia alipiga marufuku wasanii wa mitaani kuanzia mwaka 1936. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyotaniwa na watoto wenzake utotoni, alipopita Mwitaliano mwenye kinanda cha kuzungusha kwa mkono na tumbili wake, kwa kuwa naye alikuwa mwana wa Wataliano. Huenda sheria nyingine huanzia kwenye vidonda vya namna hiyo. Marufuku ilidumu miaka 34, ikaondolewa 1970. Leo anayepiga ala barabarani kwa mikono na pumzi zake haombi ruhusa. Anayetaka spika ndiye anayekwenda kituo cha polisi kuchukua kibali, tena kwa siku husika. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Yako pia mambo ya kuwajaribu wanamuziki kabla ya kuwaruhusu. Reli za chini ya ardhi za Paris zimekuwa zikiwachuja wanamuziki tangu 1997, za London tangu 2003, na aliyefaulu huko London husimama ndani ya nusu duara iliyochorwa sakafuni. Sina neno, kwa kuwa stesheni ina mwenyewe. Lakini barabara ni ya wote, na nikiiwazia kamati ya kuchagua ngoma nzuri na mbaya mjini kwetu, nauona tayari mpwa wa mwenyekiti akipata nafasi ya kwanza.

Turudi nyumbani. Anayepita karibu na sanamu ya Tom Mboya, ng'ambo ya jengo la Archives linalohifadhi nyaraka za taifa, anajua kelele zinatoka wapi. Vijana wa sarakasi wanapiga makofi na kuhesabu kwa midomo. Yule aliyejipaka rangi ya fedha na kusimama kama sanamu hatoi sauti kabisa, hata nzi akimtua puani. Spika ni za wahubiri, za maduka yanayotangaza bei, na za matatu. Na sheria ya kuzibana hatuna haja ya kuitunga, kwa sababu kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele ziko tangu 2009. Katiba nayo, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanii kwa jina lake. Ada ya kila siku itamwangukia nani basi? Itamwangukia asiye na mlango wa duka wala mimbari, yule anayeonekana kwa urahisi kwa sababu watu wamemzunguka.

Ada yenyewe pia ina kasoro ambayo mtu wa Pwani ataiona upesi. Sisi tuna desturi ya kutunza. Mwimbaji wa taarabu akikukuna moyo unainuka, unakwenda kwa madaha, unambandikia noti. Pesa ile haina bei iliyopangwa, na anayeipokea haitwi ombaomba. Kofia ya msanii wa mitaani ni kutunza huko huko kukiwa kumetoka ukumbini. Siku ya mvua kofia inarudi nyumbani tupu. Mchuuzi aliyekosa wateja ana bidhaa za kuuza kesho. Aliyepiga sarakasi mbele ya watu wawili amebaki na maumivu ya mgongo, na kwa pendekezo la msomaji mwenzangu, amebaki na deni la ada pia.

Mimi ningependekeza hivi. Asiye na spika asiombe kibali, ila aache njia ya kupita na asizibe mlango wa mtu. Mwenye spika achukue kibali, awe mwanamuziki, mhubiri au muuza viatu, na apewe saa zake na kipimo chake cha sauti. Zamu wapangiane wasanii wenyewe, kwa maana wanajuana. Na awepo ofisa mmoja mwenye simu inayopokelewa, ambaye dada wa mapokezi anaweza kumpigia bila kwanza kujificha stoo.

Nina binamu aliyekuwa akiruka sarakasi katika mji mmoja wa huko nyumbani, ambao sitautaja. Alilipa ada akapewa risiti yenye muhuri. Kesho yake akaja askari mwingine akasema muhuri ule si wa idara yake. Akalipa tena. Mara ya tatu walichukua mkeka wake wa kurukia, na mkeka ulikuwa umegharimu zaidi ya ada zote mbili. Sasa ameajiriwa na duka la viatu. Husimama mlangoni na spika tangu asubuhi hadi magharibi akitangaza bei, na huu ni mwaka wa pili hajaulizwa kibali na mtu yeyote.

Wako msomaji,
Mwana wa Pwani,
London