Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Babu Yako Aliandika kwa Mkato

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea picha za zile fomu mbili ulizozikuta ndani ya sanduku la babu yako, pamoja na swali lako la kwa nini mzee yule, ambaye akianza kusimulia taa iliweza kuishiwa mafuta, aliandika "MAMA MGONJWA NJOONI UPESI" bila salamu wala jina lake, kana kwamba amewakasirikia watu. Hakuwa amekasirika, alikuwa akihesabu maneno, kwa sababu kila neno katika telegramu, yaani ujumbe mfupi uliopelekwa kwa waya kutoka ofisi moja ya posta hadi nyingine, lilikuwa na bei yake. Mimi mama yako nilikaa dirisha la telegramu kabla hujazaliwa, na kanuni zile bado ninazo kichwani, kwa hiyo nitakueleza.

Barua hulipiwa kwa uzito, na ndiyo maana karani wa stempu huwa na mizani. Telegramu haina uzito, ila inachukua nafasi kwenye njia. Katika njia ndogo kama zetu za bara, waya ulibeba ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, karani akigonga herufi baada ya herufi kwa alama fupi na ndefu za Morse, na wenye ujumbe mwingine wakingoja, kama watu wanavyopishana kwenye kijia chembamba cha mlimani. Kilichouzwa, basi, kilikuwa ni muda wa waya, na kwa kuwa muda huo haukuweza kupimwa mbele ya mteja aliyesimama dirishani, ulikadiriwa kwa kuhesabu maneno. Ukilishika hilo, kanuni nyingine zote, hata zile zinazoonekana za uchoyo, zitakuelea.

Mji wetu una sehemu yake katika habari hii. Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, habari zake hazikufika Ulaya mpaka mwaka 1872, kwa sababu zilikwenda pwani kwa miguu, na hata Zanzibar yenyewe ilipata waya wa chini ya bahari mwaka 1879 tu. Waya wa kwanza kufika Ujiji haukutoka Dar es Salaam kama wengi wanavyodhani, bali ulitoka kusini, kwenye ule mpango wa Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa Mwingereza wa Afrika Kusini, wa kuunganisha Cape ya huko kusini na Cairo ya Misri; Rhodes alikwenda Berlin mwaka 1899 kuzungumza na Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, ili nguzo zake ziruhusiwe kupita katika koloni la Wajerumani. Nguzo zilifika Ujiji mwaka 1903, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, na hazikuendelea tena kaskazini. Reli ya Kati ilikuja kutufikia mwaka 1914.

Kuhusu bei, wa mwanzo walilipa kwa uchungu. Waya wa Atlantiki ulipoanza kazi mwaka 1866, ujumbe wa maneno 20 kati ya Uingereza na Marekani ulilipiwa pauni 20, fedha ambazo kibarua wa Uingereza alihitaji miezi kadhaa ya kazi kuzipata. Ndani ya Uingereza kwenyewe serikali ilizichukua kampuni za telegramu mwaka 1870 na kuweka bei moja kwa nchi nzima, iwe mbali iwe karibu: shilingi moja kwa maneno 20, na anwani haikuhesabiwa. Mwaka 1885 bei ikashushwa hadi peni 6, yaani nusu shilingi, kwa maneno 12, watu wakashangilia, lakini safari hii anwani nayo ilihesabiwa. Mimi naiona kuwa nusu ya punguzo ilirudishwa kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo ilipopata nguvu desturi ya kusajili anwani fupi. Mfanyabiashara alilipa ada ya mwaka, ambayo huko Uingereza ilikuwa gini moja, yaani shilingi 21, na posta ikamwandikia katika daftari lake neno moja la kusimama badala ya jina la kampuni, mtaa na namba ya nyumba. Kila aliyempelekea telegramu akalipia neno hilo na jina la mji tu. Uliwahi kuniuliza kwa nini barua za ofisi ya Mkuu wa Mkoa zina maandishi "Anwani ya Simu: REGCOM", na ukadhani ni kosa la mpiga chapa. "Simu" hapo ni telegramu, na neno hilo, kifupi cha Regional Commissioner, ndilo lililokuwa anwani yao iliyosajiliwa, likabaki juu ya karatasi hata baada ya waya kunyamaza.

Sasa nije kwenye kuhesabu kwenyewe, kwa maana hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa tamu. Kanuni zilitoka mbali, kwenye Umoja wa Kimataifa wa Telegrafu ulioanzishwa Paris mwaka 1865 na nchi 20. Kwa miongo mingi kanuni hizo zilisema kwamba neno la lugha ya kawaida lisizidi herufi 15. Likizidi, linahesabiwa kuwa mawili. Tarakimu zilihesabiwa tano tano, hivyo 12500 ni neno moja na 125000 ni maneno mawili. Jina la mtumaji halikuwa lazima, lakini ukiliandika unalilipia, na ndiyo sababu babu yako aliliacha. Aliyepokea alimjua kwa jina la ofisi ilikotokea telegramu na kwa habari yenyewe. Kubandika maneno pamoja kinyume cha desturi ya lugha ilikuwa marufuku, kwa hiyo mtu akiniletea "njooupesi" nilitenganisha mbele yake na kumtoza maneno mawili, hata kama alinuna.

Ila Kiswahili kilitubeba, mwanangu, nami sijaona mtu aliyekisifu kwa hilo. Mwingereza aliyetaka kusema "hatutakuja" alilipia maneno manne, sisi moja. "Tutakapowasili" ina herufi 14 na inapita, "atakayewapokea" vilevile. "Amekwishafariki" ina herufi 15 kamili, nami nakumbuka jinsi tulivyoihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili, kwa ajili ya mfiwa ambaye hakuwa na senti ya ziada. "Nimekwishamtumia" ina herufi 16, basi inageuka maneno mawili, na karani mwenye huruma alimshauri mteja aandike "nimemtumia", ambayo inasema karibu jambo lile lile. Watu wengi walikuja dirishani wakiwa wameandika barua nzima, wakaondoka na maneno sita yaliyochaguliwa kwa pamoja kati yao na karani. Kazi hiyo ya kupunguza maneno haikuandikwa kwenye kanuni yoyote, wala hatukulipwa kwa ajili yake.

Ile fomu ya pili ina herufi RP kabla ya anwani. Maana yake ni kwamba mtumaji alilipia na majibu: babu yako alipewa hati ya kutumia dirishani ili ajibu bila kutoa fedha yake, kwa hiyo hakuwa na kisingizio cha kunyamaza. Alama za namna hiyo zilikuwa nyingi, na kila moja ilihesabiwa kuwa neno. TC ilimaanisha kwamba ujumbe urudiwe kutoka ofisi hadi ofisi ili kuhakikisha hakuna herufi iliyopotea, kwa nyongeza ya ada, jambo la maana kwa wenye kutaja bei na kiasi cha fedha. GP ilikuwa ya kumsubiri mwenyewe posta. Telegramu ya haraka ilitangulia nyingine zote kwenye foleni, na kwa heshima hiyo ililipiwa mara tatu ya bei ya kawaida katika miaka ya mwanzo, baadaye mara mbili. Kwa wasio na haraka kulikuwa na barua ya telegramu, yenye alama ya LT, ambayo ilikubali kusubiri na ikatozwa nusu ya bei. Lakini ilikuwa na kiwango cha chini cha maneno 22, na aliyeandika kumi alilipia 22.

Uliuliza pia juu ya telegramu kwa simu ya mezani. Ilikuwepo, ingawa zaidi kwa wenye simu, ambao huku kwetu walikuwa wachache. Mwenye simu alipiga kwenye ofisi ya telegramu, akasoma ujumbe wake polepole, karani akaandika na kumsomea tena neno kwa neno, na ada ikaingizwa kwenye bili yake ya simu badala ya kulipwa taslimu. Majina yenye utata yalitajwa herufi kwa herufi kwa majina ya watu yaliyokubalika. Huko Uingereza A ilikuwa ya Andrew na B ya Benjamin. Aliyepiga kutoka kibanda cha barabarani alitumbukiza sarafu kwanza, opereta akisikiliza mlio wake. Kwa upande wa mpokeaji, alama ya TF pamoja na namba ya simu ilimaanisha asomewe ujumbe kwa simu mara unapoingia, na karatasi yenyewe ingeweza kumfuata kwa posta. Huku ziwani mambo yaligeuka: telegramu ilikimbia kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha kwa mtu wa vijiji vya mwambao ikawa barua ya kawaida inayongoja meli.

Mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 huduma hii ilikuwa ya shirika moja la nchi tatu. Kisha ikawa ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo mwaka 1994 liligawanywa, posta kwake na simu kwake. Uingereza ilisitisha telegramu za ndani mwaka 1982, kampuni ya Western Union ya Marekani mwaka 2006, na India mwaka 2013.

Picha ulizotuma hazioneshi mhuri wa tarehe vizuri. Zigeuze fomu hizo utazame stempu, kama zilibandikwa kuwa malipo: ikiwa Tanganyika imetajwa, huenda ni za kabla ya Muungano wa 1964 au muda mfupi baada yake, ikiwa imeandikwa Tanzania, ni za baada ya Muungano. Usizisugue kwa maji. Ukishajua mwaka, niandikie, na safari hii usibane maneno.

Mama yako akupendaye.