Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Usomaji, Chicago

Ndugu wanachama, mzee wetu mlezi, wajumbe wa kamati: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na baridi.

Shughuli za mwaka mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Tulikutana mara 10 katika ukumbi uleule wa chini ya kanisa. Mada, kama mlivyoipitisha wenyewe Januari, ilikuwa hadithi za maisha ya kila siku Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tulianza na hadithi fupi ya John Cheever ya mwaka 1947 kuhusu redio inayonasa mazungumzo ya majirani, tukaingia tamthilia ya Death of a Salesman ya Arthur Miller, na mwaka tukaufunga na tamthilia ya A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry. Msiba wa mwenzetu tulishiriki. Katibu ameandika mihtasari yote kwa wakati, namshukuru.

Nije kwenye suala la Aprili. Yamesemwa mengi, kwenye kundi la WhatsApp na pembeni, na nimenyamaza hadi leo kwa sababu mahali pake ni hapa, mbele ya mkutano mkuu. Inasemwa kwamba nilibadilisha kitabu peke yangu na kwamba nilitumia fedha za sherehe. Yote mawili ni kweli, na nataka mnisikilize hadi mwisho.

Ratiba ilisema Aprili hadi Juni tusome Revolutionary Road ya Richard Yates, riwaya ya mume na mke Wazungu wanaoishi kitongoji cha nje ya jiji. Sikidharau kitabu hicho. Nilikisoma chote na kilinikosesha usingizi. Lakini nilipokuwa nakiandalia maswali niliona tunataka kukaa mwaka mzima kwenye nyumba zenye bustani mbele, bila mtu kuuliza nani aliruhusiwa kuishi humo. Wengi wenu hamkujua, nami sikujua, kwamba Levittown, mji wa Long Island, jimbo la New York, ulioanza kujengwa mwaka 1947, nyumba zaidi ya 17,000, ulikuwa na masharti ya kuwazuia wasio Wazungu kuishi humo, isipokuwa watumishi wa ndani. Isipokuwa watumishi wa ndani! Na askari weusi walikuwa wamerudi kutoka vita ileile.

Nikaona tusome Maud Martha ya Gwendolyn Brooks, ya mwaka 1953. Mwandishi ni wa hapa hapa Chicago, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwaka 1950, kwa mashairi. Hii ndiyo riwaya yake pekee kwa watu wazima, sura 34 fupi fupi. Mtu wa zamu ya usiku anaweza kusoma sura moja kwenye treni. Kamati haikukutana Aprili. Niliiita mara mbili na akidi haikutimia mara zote mbili. Kifungu cha 9 cha katiba kinampa mwenyekiti mamlaka ya uamuzi wa dharura. Nikanunua nakala 26 kwa dola 15 kila moja, jumla dola 390, kutoka dola 400 zilizotengwa kwa pilau la Desemba.

Wenzetu watatu walikuwa wamekwisha nunua kile cha Yates kwa fedha zao. Hao nawaomba radhi hapa hadharani.

Malalamiko mengine siyakubali. La kwanza ni kwamba kitabu hakina tukio. Ndugu zangu, msichana mweusi anaolewa, anahamia vyumba viwili vidogo ghorofa ya tatu, choo cha kushirikiana na wapangaji wengine, mende ukutani. Anamnasa panya na kumwachia. Anampeleka bintiye dukani kumwona Baba Krismasi, na mzee yule anamkwepa mtoto macho. Hayo ndiyo matukio. La pili, lililoletwa na katibu msaidizi, lina uzito zaidi: kwamba riwaya inaishia vita inapomalizika, hivyo haimo kwenye mada. Najibu kwamba iliandikwa na kusomwa miaka ya baada ya vita, na mwandishi alijua tayari ni nini kilichowangoja waliokuwa wakirudi. Nilimweleza hivyo mwezi Mei na nashikilia hapo.

Na kikao cha Mei nani amekisahau? Walikuja 14, wengi kuliko kikao chochote mwaka huu. Tulisoma sura ambayo Maud Martha anakwenda kufanya kazi za ndani kwa Bi. Burns-Cooper, mwanamke Mzungu, anakaripiwa kwa sababu maganda ya viazi ni manene mno, na anaondoka akiwa ameamua hatarudi. Mama mmoja wetu kutoka Uvira, anayesafisha nyumba huko nje ya jiji, alikiweka kitabu mapajani akasema, "Huyu mwanamke mimi ninamujua." Kisha akatusimulia ya kwake kwa nusu saa, na hakuna aliyetazama simu. Katika miaka sita ya uenyekiti wangu sijaona kikao kama kile.

Juni, watu tisa tulikwenda Bronzeville, mtaa wa kihistoria wa watu weusi hapa Chicago, tukaingia maktaba ya Hall iliyofunguliwa mwaka 1932 chini ya Vivian Harsh, mkuu wa kwanza mweusi wa tawi la maktaba za jiji hili. Nauli za wazee wawili nililipa mimi. Tulipofika kwa Hansberry, na mama yule anayetoa dola 3,500 za bima ya marehemu mumewe kama malipo ya awali ya nyumba mtaani kwa Wazungu, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini ni jambo zito.

Mahudhurio yananisikitisha. Tuko 41 kwenye daftari, wastani ni 11. Februari tulikuwa wanne, nami ndiye niliyefyeka theluji mlangoni. Zamu naelewa, nami nafanya zamu. Ila kuna wanaokuja kila sherehe na hatujawahi kusikia wamesoma nini, na hao ndio waliolalamikia pilau kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ada ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa yote 17, nusu 6, wasiolipa kabisa 18. Ada iliyoingia dola 1,200, michango 150, matumizi 1,085 pamoja na ukumbi, vitabu, chai na uchapaji. Tumebaki na 265. Tunadai wanachama dola 1,260, zaidi ya ada tuliyopokea. Kwa fedha hizo tungekuwa na vitabu na pilau pia. Mweka hazina anayo majina. Nimemwomba asiyasome leo.

Mwaka ujao natumaini tutasoma kile cha Yates, kama nilivyoahidi, na ikiwezekana tutafute ukumbi wenye joto na tuanze kikundi cha vijana. Vitabu 7 kati ya 26 havijarudishwa. Tafadhali vileteni kikao cha Januari, hata kama hamjamaliza kusoma.

Mwenyekiti