Shukrani kwa mama wa bahasha ya kaki

Mama, uliniachia bahasha ya kaki yenye picha nane, ukaondoka maktaba kabla sijakuuliza jina. Nilikuwa natafuta picha za Moulin Rouge, ile hoteli ya kasino ya Las Vegas iliyofunguliwa Mei 1955, ya kwanza mjini humo kupokea weusi na weupe pamoja. Kabla yake, mwimbaji mweusi Sammy Davis Jr. alishangiliwa jukwaani kwenye hoteli kubwa kisha akaenda kulala ng'ambo ya reli, mtaa wa weusi. Moulin Rouge haikumaliza hata mwaka, ilifungwa Novemba. Moto wa 2003 nao ukala sehemu kubwa ya jengo. Sasa picha zako nane si mali hizo?

Ile ya watu wa jikoni nimeitazama mpaka macho yakauma: mmoja kafumba macho, mwingine ana taulo begani, na nyuma umeandika kwa penseli yupi ni shangazi yako, aliyekuwa akirudi nyumbani kumekucha kwa sababu ya onyesho la usiku wa manane.

Nimezinakili zote. Zenyewe ziko kwa mkutubi wa asubuhi, zimefungwa kwa uzi wako uleule mwekundu. Asante sana, mama. Ukipita kuzichukua, niulizie: nataka kumjua huyo mwenye taulo.