Mhariri, ile picha ya Petro na Andrea wekeni kubwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye ukurasa wenu wa dini huwa mnaweka zile picha za zamani za Italia, ndogo mno na wino umejaa, halafu huku soko la samaki la Mwaloni Kirumba watu wakipitisha gazeti wanasema wazee wale hawakujua kuchora, mbingu gani ya njano. Jamani, wanaonewa.

Chukua ile ya Yesu kuwaita Petro na Andrea. Kaichora Duccio, mchoraji wa mji wa Siena, Italia, kati ya 1308 na 1311, ni kipande tu cha picha kubwa ya altare ya kanisa kuu la mji wao, ambayo tarehe 9 Juni 1311 watu waliisindikiza kwa maandamano hadi kanisani. Mwaka 1771 wakaja kuikata kwa msumeno, inauma kweli, vipande vikatawanyika na hiki sasa kiko Washington, Marekani. Makumbusho inayokitunza wameiweka mtandaoni bure, ifungue kwenye simu uivute.

Anza na wavu. Umejaa, bado haujapanda mtumbwini, na samaki unawaona humo humo ndani ya maji ya kijani, na hawa ndugu wawili kazi imeishia katikati wanamtazama Yesu kasimama kwenye mwamba ufukweni. Aliyewahi kuvuta wavu mzito anajua huo sio wakati wa kuitwa na mtu! Duccio kauchagua huo huo, na mimi hapo ndipo naona ufundi wake wote.

Na hiyo njano ni dhahabu halisi, iliyopondwa nyembamba sana ikabandikwa juu ya udongo mwekundu kisha ikasuguliwa mpaka ing'ae, maana kanisa lilikuwa na giza na mwanga ni wa mishumaa, mwali ukicheza na mbingu inacheza. Rangi zenyewe walichanganya na kiini cha yai, inakauka haraka, kwa hiyo mtu anapaka vimstari vidogo vidogo kwa brashi nyembamba, sura moja tu ni kazi ya kutwa. Kwenye ngozi walitanguliza kijani chini ya rangi ya mwili, ndio maana nyuso nyingi za picha za wakati ule zimechakaa zikawa za kijani, sio kwamba walichora wagonjwa.

Kwa hiyo ombi langu, mkiweka picha ya namna hii ipeni hata nusu ukurasa, ya rangi, na chini muandike kaichora nani, mwaka gani, na iko wapi.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza