Misimu ya Kiingereza ifundishwe pamoja na matumizi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie misimu, yaani maneno ya mitaani, ya Kiingereza, ambayo siku hizi yanasambazwa kwa orodha ndefu kwenye simu na hata kwenye kurasa za wanafunzi magazetini. Orodha hizo humpa msomaji neno na maana yake, basi. Anazikariri, anaajiriwa hotelini au anakwenda kusoma Uingereza, kisha neno zuri analitamka mbele ya mtu asiyefaa kuambiwa, au kwa umbo ambalo wenyewe hawalitumii.

Nianze na fedha. Mwingereza huita pauni "quid", na neno hilo halichukui "s" ya wingi: ni "ten quid", si "ten quids". "Grand", yaani elfu moja, ni vivyo hivyo: "two grand". Sisi tunaosema buku mbili, buku tano, hilo tutalishika upesi. Lakini noti ya pauni tano ni "fiver", ya kumi ni "tenner", na hizo zina wingi: "two tenners". "Buck" ya Mmarekani, yaani dola, nayo huchukua "s": "five bucks". Kwa hiyo kila neno lifundishwe na wingi wake, tena ndani ya sentensi ya mtu anayelipa kitu.

Kwenye salamu, "You all right?" ya Uingereza ni sawa na "vipi?" yetu. Hujibiwa kwa ufupi, "Yeah, you?" au "Not bad, you?", mkaendelea na yenu. Anayeanza kusimulia malaria ya wiki iliyopita humduwaza mwenzake. Mmarekani akiulizwa hivyo hivyo anaweza kudhani umemwona ana tatizo, yeye mwambie "How's it going?". "Cheers" nalo, kwa Mwingereza, ni asante ya haraka kwa dereva wa basi au kwa aliyekushikia mlango. Marekani husikika zaidi watu wakigonganisha glasi. Barua ya kuomba kazi haimalizwi kwa "Cheers" katika nchi yoyote.

Mengine ni ya hatari. "Pissed" kwa Mwingereza ni kulewa, kwa Mmarekani ni kukasirika, na kote si neno la adabu. Mhudumu wa hoteli asilitumie kabisa, hata kama mgeni ndiye aliyelianza. "Knackered", yaani kuchoka hoi, mwambie rafiki, usimwambie anayekusaili kwa ajili ya kazi. "Mate" huambiwa hata mtu usiyemjua, kama muuza samaki au fundi, lakini likitamkwa kwa ukali katikati ya mabishano huwa uchokozi wa wazi. Orodha ya maandishi haiwezi kumwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo, inabidi asikie.

Kosa linaloniudhi kuliko yote liko kwenye "gonna" na "wanna". Hufundishwa kama misimu, ilhali ni matamshi ya haraka ya "going to" na "want to". "Gonna" hudai kitenzi baada yake: "I'm gonna cook" ni sawa, "I'm gonna Mwanza" si Kiingereza cha mtu yeyote. Ukizungumzia safari, baki na "I'm going to Mwanza". Nayo "he wanna" haifai darasani wala kwenye usaili. Sema "he wants to". Na yote mawili ni ya mdomoni, hayaandikwi kwenye insha.

Maneno ya vijana wa mtandaoni yana umri mfupi. "Rizz", mvuto wa kumnasa mtu kimapenzi, lilichaguliwa na wachapishaji wa kamusi za Oxford kuwa neno la mwaka 2023. Limekatwa kutoka "charisma". Mtu mzima akilitumia, vijana humcheka. "Cool" limedumu tangu karne iliyopita na linapita karibu kila mahali, kwa hiyo mwanafunzi alianze hilo.

Kabla ya kutumia neno lolote, lifungue kwenye kamusi ya wanafunzi ya Cambridge au Oxford usome alama iliyo kando ya maana. "Informal" ni la mazungumzo ya kawaida, "offensive" linaudhi, "old-fashioned" limepitwa na wakati. Pia huonyeshwa kama ni la Uingereza au la Marekani.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila neno linalochapishwa kwenye ukurasa wa wanafunzi liambatane na nchi yake, sentensi nzima na mtu wa kuambiwa. Kwa mfano: "skint", Uingereza, kuchacha, "I'm skint till payday", kwa rafiki au mfanyakazi mwenzako, si kwa ofisa wa benki, Mmarekani husema "broke".

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro