Barua kwa mwanangu: brashi ya kunyolea

Mwanangu,

Mama yako ameikuta brashi yako bafuni, nawe umesema utanunua nyingine hukohuko. Haya. Ila nakujua: utaona kubwa yenye mpini unaong'aa, utalipa, utaondoka. Jiulize kwanza povu unalipigia wapi.

Wewe bakuli hulitaki. Unazungusha brashi juu ya sabuni ngumu, unamalizia usoni. Kwa mtindo huo brashi ndefu iliyo laini itakusumbua: inalala, na povu linabaki ndani ya nywele. Tafuta inayosimama, kipenyo cha nywele pale zinapoingia kwenye mpini kiwe milimita 22 hadi 24, urefu wa nywele zenyewe usizidi sana milimita 50. Kubwa kuliko hizo waachie wapiga povu bakulini. Kwa uso wako mwembamba, povu litafika puani.

Kinachoninyima usingizi ni shingo yako. Nywele za nguruwe ni nafuu na huchota sabuni ngumu vizuri, lakini hutaka kulowekwa dakika kadhaa, na mwanzoni zinachoma hadi ncha zipasuke na kulainika. Utaweza kusubiri, wewe unayevaa shati likiwa bado na joto la pasi? Za melesi, yule jamaa wa nyegere, hushika maji mengi, nazo ni ghali. Za farasi ziko katikati. Ukisikia habari za kimeta usiogope. Hayo ni ya Vita Kuu ya Kwanza, askari walipoambukizwa na brashi ambazo nywele zake hazikuuliwa vijidudu.

Ningekuchagulia mimi, ningechukua za nyuzi za viwandani, ncha laini na kiuno kigumu. Hazihitaji kulowekwa na hukauka upesi. Kwa kuwa nyuzi zenyewe hazinywi maji, anza na maji machache, ongeza matone. Zina tabia ya kuruka zikiachiwa, kwa hiyo kioo kitakuwa na madoa.

Dukani usiijaribu kiganjani wala shavuni. Shavu linavumilia chochote. Iguse shingo.

Na usikandamize! Hii uliyoiacha nimeitazama mwangani: katikati pamefunguka shimo, nywele za pembeni zimelala kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Kazi inafanywa na ncha, mwanangu. Ukisukuma mpaka mpini unakaribia ngozi, unajisugua tu, na shingo inawaka kabla wembe haujafika. Ni kweli ilikuwa ngumu tangu mwanzo, na aliyeichagua si wewe, basi tusiiongelee.

Kwa povu lenyewe sina neno. Lako huwa zito kuliko langu, limeshikana, halina viputo vikubwa. Nilikuwa nakutazama mlangoni ukidhani natafuta taulo. Ukimaliza suuza mpaka maji yatoke safi, kung'uta, iache mahali penye hewa. Usiifungie kwenye begi ikiwa mbichi. Na shingo, taratibu.

Bomba la bafuni limeanza tena kudondosha, fundi anasema kesho kila siku. Dada yako ameshahamia chumbani kwako na kukisogeza kitanda dirishani. Nimemwambia akuulize, amecheka. Chaja yako iko kwenye droo. Mama yako anasema taulo la bluu ulilobeba ni lake, na analitaka.

Baba yako